Naomba ushauri: podikasti za programu za kusikiliza kazini, bando langu dogo

KijanaWaMokowe
Assalaam alaykum wakubwa. Niko Lamu, najifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Nataka podikasti za waandishi wa programu na za teknolojia kwa jumla, nisikilize nikiwa kazini, maana usiku nachoka na kichwa hakishiki kitu. Nilizojaribu wanachekeana nusu saa nzima kabla ya kusema neno la maana. Nipeni za uhakika, upesi tafadhali. Kuna jambo sharti niliamue kabla ya Ijumaa.

BintiLangoni
Wa alaykum salaam kaka. Kwa Python iko Talk Python to Me ya Michael Kennedy, tangu 2015: mgeni mmoja, mada moja, na maandishi ya kipindi yako kwenye tovuti yake, kwa hiyo Kiingereza kikikukimbia unasoma. Ila si ya mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Python Bytes, anayoifanya na Brian Okken, ni fupi na ni habari tupu. Wewe anza na CodeNewbie aliyoianzisha Saron Yitbarek. Wageni wake wengi waliingia kwenye programu kutoka kazi nyingine kabisa. Usianze na kipindi kipya kabisa. Teremka kwenye orodha utafute mada unayoishughulikia wiki hii.

DarasaLaUsiku
Hizo za Python zitamlaza usingizi. Sikiliza Darknet Diaries ya Jack Rhysider, ilianza 2017. Kuna kipindi cha NotPetya, kirusi kilichoikwamisha kampuni ya meli ya Maersk mwaka huohuo. Mtu wa bandari atakielewa bila kujua mstari mmoja wa programu. Ukitaka undani zaidi, Security Now ya Steve Gibson na Leo Laporte, iko hewani tangu 2005. Ni ndefu mno, lakini kwenye tovuti ya Gibson kuna nakala ya kbps 16 (kilobiti kwa sekunde; zikiwa chache, faili linakuwa dogo) kwa watu wa bando dogo, pamoja na maandishi yake.

FundiBando
Afadhali umeitaja kbps. Hesabu ni hii: gawa kbps kwa 8, zidisha kwa 3600, hapo umepata kilobaiti za saa moja. Kbps 128 ni kama MB 58 kwa saa. Kbps 64 ni MB 29. Hiyo ya 16 ni MB 7 tu. Mnaolalamika bando limeisha mnasikiliza kwenye video, halafu mnailaumu podikasti.

Weka AntennaPod kwenye simu. Ni ya bure na haina matangazo yake. Nenda kwenye mipangilio, ruhusu kupakua kwa waifai peke yake, na iweke ifute kipindi kilichokwisha kusikilizwa. Usisikilize moja kwa moja mtandaoni, kwa sababu ukirudia kipindi unalipa mara mbili. Ukiwa na laptopu unaweza kukipunguza kipindi kwa programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i kipindi.mp3 -ac 1 -b:a 32k kidogo.mp3

Saa moja inakuwa MB 14 hivi. Maneno yatasikika sawasawa, muziki utaharibika. Lakini kumbuka, kupunguza baada ya kupakua hakurudishi bando. Ni kwa ajili ya nafasi ya simu na kurushiana kwa Bluetooth. Pakua penye waifai, punguza hapo, ndipo uhamishe.

BintiLangoni
Kaka, hujatuambia ni kazi gani. Jibu linategemea hapo.

KijanaWaMokowe
Kazi tu dada, kazi yenye kelele.

BintiLangoni
Kelele ya nini?

KijanaWaMokowe
Ya injini. Naendesha boti ya abiria, Mokowe kuja Lamu mjini. Msianze. Sikio moja tu ndilo nitakaloziba.

MzeeMkomani
Mwanangu, hata hilo moja ni la abiria. Mlango ule una majahazi, boti za mwendo kasi na watoto wa mashua, na anayekupita kwa nyuma humwoni, unamsikia. Sikiliza ukiwa gatini unangoja watu wajae. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini si akiwa ameshika usukani.

KijanaWaMokowe
Shikamoo mzee, nimekusikia. Lakini nimeshaagiza hedifoni za kuzuia kelele, ndizo zitakazonisaidia. Na pesa zake zipo, kwa sababu laptopu nimeichukulia arbuni. Core i5, RAM 16, SSD 512, chaji yake mwenyewe. Mnunuzi anaichukua Ijumaa. Podikasti zitanitosha mpaka nitengemae.

FundiBando
Subiri. Kwanza hizo hedifoni. Zinazima vizuri mngurumo mzito usiobadilika, na huo ndio wa injini. Maana yake plagi ikianza kukosa au maji ya kupoza yakikata, hutasikia sauti ikibadilika. Upepo nao ukipiga maikrofoni zake za nje utasikia ngurumo tupu. Ni kifaa cha kwenye basi hicho.

KaaChonjo
Mimi simwamini huyu. Uzi umeanza na podikasti, sasa tuko kwenye SSD 512 na "chaji yake mwenyewe". Hili ni tangazo, jamaa anatafuta wateja.

PweponiBoy
Betri inakaa saa ngapi? Bei ya mwisho?

KijanaWaMokowe
Wallahi si tangazo! Nimewajibu mlichouliza.

DarasaLaUsiku
Rahisi. Anayejifunza kweli ana kitu kilichomkwama. Kilete hapa.

KijanaWaMokowe
Haya. Naandika programu ya hesabu ya nauli:

nauli = 150
idadi = input("Abiria wangapi? ")
print(idadi * nauli)

Nikiandika 12 inaniletea 12121212 mpaka skrini inajaa. Niliona labda laptopu yenyewe ina kasoro, ndiyo maana nikasema niiuze.

DarasaLaUsiku
Si tangazo. Kosa hili hatungi mtu.
Laptopu ni nzima. input() inarudisha maandishi hata ukiandika nambari, na Python ukiyazidisha maandishi kwa 150 inayarudia mara 150. Andika idadi = int(input("Abiria wangapi? ")). Mtu akiandika "kumi" itakataa kwa ValueError, hilo utalishughulikia kwa try na except. Na hakuna podikasti ambayo ingekuonyesha hili. Linataka macho na kibodi.

KijanaWaMokowe
Imeleta 1800! Lakini arbuni nimeshaila nusu. Si naweza kuendelea kwa simu?

FundiBando
Unaweza. Pydroid 3 inaendesha Python kwenye Android bila mtandao. Shida ni kuandika mabano na nafasi za mwanzo wa mstari kwa kidole. Utahitaji kibodi ya USB na kiunganishi cha OTG, kile cha kuchomeka vifaa vya USB kwenye simu, na si simu zote zinazokikubali. Jaribu kwanza kwa flashi ya kuazima. Ikisomeka, kibodi kwa kawaida itasomeka.

BintiLangoni
Jaribu hilo kabla ya Ijumaa kaka, na umpigie mnunuzi leo. Hedifoni zirudishe kama bado hujafungua boksi.

KijanaWaMokowe
Mnunuzi ni shemeji yangu, ndiyo tabu.

PweponiBoy
Mwambie shemeji kuna mtu Malindi anaongeza. Bei bado hujasema.