Stendi ya kati kwenye pikipiki ya zamani: ibaki au ing'olewe?

Wadau, naona siku hizi kila anayefufua pikipiki ya kizamani kitu cha kwanza kung'oa ni stendi ya kati, ile ya miguu miwili inayosimamisha pikipiki wima na kunyanyua tairi la nyuma, eti chuma kizito kisicho na kazi, ya pembeni inatosha. Mi nasema ibaki.

Pikipiki nyingi za enzi hizo zina cheni na rimu za spoki zenye tyubu. Ukipata pancha mbali na fundi, tairi la nyuma utalitoaje pikipiki imeegemea ubavu? Kwenye stendi ya kati unalegeza ekseli, unasukuma tairi mbele cheni ilegee, unaivua kwenye sproketi, kwisha. Bila hiyo tafuta mawe, magogo na mtu wa kushikilia. Halafu cheni iliyochakaa hailegei sawasawa, kuna sehemu inakaza na sehemu inaning'inia, kwa hiyo lazima uzungushe tairi taratibu ukipima ulegevu huku na huku, ukipima sehemu moja tu umejidanganya. Honda CB750 ilivyotoka 1969 ilikuja na stendi zote mbili, na waliounda ile mashine hawakuwa na chuma cha kuchezea.

— Mkuu umeongea ya gereji tu, ya barabarani umeyaruka. Hiyo kitu iko chini kabisa, ukilaza kwenye kona ndo inaanza kukwangua lami, na ikigota vibaya inanyanyua tairi la nyuma, uko chini. Mi pia nimefunga ekzosi ya nne kwa moja, yaani mabomba manne yanaungana kuwa moja, kile kimpira ambacho stendi inaegemea ikikunjwa kilikuwa kwenye ekzosi ya zamani, sasa stendi ikae wapi? Nyumbani ninayo stendi ya pekee ya kunyanyulia tairi, imetosha.

— Hiyo ya nyumbani utaibeba mgongoni? Na kabla hujaisingizia stendi, kagua springi yake na shokapu za nyuma. Springi ikichoka stendi inaning'inia, shokapu zikifa pikipiki nzima inakaa chini, lazima ikwangue. Wanaolalamika nzito nao wengi wanaivuta kwa mikono mpaka mgongo unalia. Kanyaga ile pedeli ya stendi mpaka miguu yake yote miwili iguse chini, kisha simama juu yake na uzito wako wote, mkono unaelekeza tu.

— Mi nina BMW R75/5, inatumia shafti badala ya cheni kuzungusha tairi, hiyo habari ya cheni hainihusu.

— Tyubu si unayo lakini? Na oili utapima wapi ikiwa imelala upande?

Mleta mada tena. Hoja ya kona naikubali kwa anayekimbiza kweli, huyo aitoe. Ila afungue pini na springi aweke kwenye boksi. Kinachoniudhi ni wale wa grenda, wanakata hadi yale masikio ya kushikia stendi yaliyochomelewa kwenye fremu ili chini kuonekane kusafi, sasa atakayeinunua kesho akitaka stendi yake itabidi achomelee fremu upya, na fremu ikipata moto ovyo inaweza kupinda. Wa nne kwa moja, tengeneza kibati chenye mpira ukifunge kwa bolti kwenye fremu, stendi iegemee hapo, ila ukunje na kukunjua kwa mkono kwanza uone haigusi cheni.