Potifolio za kidijitali kwa Gredi ya 8: tuanzie wapi tukiwa na vishikwambi vichache?

Swali kutoka kwa mwalimu wa sekondari msingi, Kilifi

Walimu wenzangu, natumai hamjambo. Ninafundisha Kiswahili pamoja na Sanaa Bunifu na Michezo huku Kilifi, na mwalimu mkuu ameniomba niwaongoze wanafunzi wa Gredi ya 8 kutayarisha potifolio za kidijitali zitakazoonyesha waliyojifunza tangu walipoingia Gredi ya 7. Nimelipokea jambo hili kwa moyo mkunjufu, kwa kuwa mtaala wa umilisi (CBC) wa hapa Kenya wenyewe unaitambua potifolio kuwa mojawapo ya njia za tathmini. Hata hivyo, mpaka sasa potifolio shuleni kwetu ni faili ya karatasi inayojazwa majaribio na michoro, kisha ikafungiwa kabatini, na mwenyewe haioni tena hadi mwaka uishe.

Ninalolisikitikia zaidi ni kwamba faili hiyo haionyeshi namna mtoto alivyokua. Katika kazi mradi ya muhula uliopita, mwanafunzi wangu mmoja alisuka mkeka wa miyaa. Ukili wake wa kwanza, yaani ukanda uliosukwa ambao hushonwa na mwingine kuwa mkeka, ulikuwa umelegea, chane zimeachana na kingo zimepinda, lakini kufikia ukili wa tatu kazi ilikuwa imekaza na kunyooka hata bibi yake, ambaye ndiye msusi nyumbani, aliikubali. Ukifungua faili yake leo utakuta maneno mawili tu, "Kufikisha matarajio", na hakuna dalili yoyote ya kile kilichotokea kati ya ukili wa kwanza na wa tatu.

Nina wanafunzi 48, vishikwambi tisa na kipakatalishi kimoja, na intaneti ni ile ya simu yangu. Ningependa kujua ni kazi gani ziingizwe katika potifolio, zihifadhiwe vipi katika mazingira kama haya, na zitathminiwe kwa namna gani ili yule mwenye simu nyumbani asionekane hodari kuliko yule asiyekuwa nayo.

Jibu la 1, kutoka kwa mwalimu wa Sayansi Jumuishi, Kakamega

Mwalimu mwenzangu, kabla hujafikiria ni programu gani itumike, ningekusihi utenganishe mambo mawili ambayo yakichanganywa huiharibu kazi yote. La kwanza ni hifadhi, yaani folda ambamo kila kazi ya mwanafunzi huwekwa, nzuri na mbaya, bila kubagua. La pili ni potifolio yenyewe, ambayo ni kazi chache alizozichagua mwanafunzi kutoka katika hifadhi hiyo na kuzitolea maelezo. Shule nyingi huishia kwenye hifadhi, zikaiita potifolio, kisha zikashangaa kwamba hakuna mtu anayetaka kuisoma. Kwa muhula mmoja, kazi tatu au nne zinatosha kabisa, mradi mwanafunzi aweze kueleza ni kwa nini alizichagua hizo na kuziacha nyingine.

Maelezo hayo ndiyo yenye uzito. Ukimwambia mwanafunzi "andika ulichojifunza", atakuandikia kwamba amejifunza mengi na amefurahi sana. Muulize badala yake ni nini kilichomshinda mwanzoni, alibadilisha nini, na ni wapi katika picha au maandishi yale tunapoweza kuyaona mabadiliko hayo. Katika darasa langu la kutengeneza chujio la maji, mwanafunzi mmoja aliweka picha mbili, ya kwanza ikionyesha maji yaliyotoka meusi na ya pili yakiwa yametakata, na chini yake akaeleza kwamba mara ya kwanza hakuyaosha makaa kabla ya kuyapanga juu ya changarawe, na kwamba alipoyaosha na kuongeza tabaka la mchanga laini, vumbi la makaa lilikoma kutoka. Sentensi hizo mbili zilinionyesha uwazaji kina na utatuzi wa matatizo kwa namna ambayo jaribio la maswali ya kuchagua halingeweza kunionyesha.

Kuhusu vifaa, hesabu yako si mbaya. Ukiwagawa wanafunzi katika makundi manane ya watu sita sita, kila kundi litapata kishikwambi kimoja, na cha tisa kitabaki kwako kama akiba au cha kurekodia sauti. Tafakari iandikwe kwanza kwa mkono daftarini, ili kishikwambi kisishikwe na mtu anayewaza bado aandike nini huku wenzake watano wakisubiri. Wafundishe kupiga picha za kazi zao karibu na dirisha, kifaa kikiwa juu ya karatasi moja kwa moja, wala si kwa mshazari, na wahakikishe kivuli cha mkono hakijaangukia maandishi. Hayo yanaonekana madogo, lakini picha isiyosomeka haina thamani yoyote baada ya miezi sita.

Kwa kazi hii hutahitaji intaneti. Kila mwanafunzi awe na faili moja ya slaidi, ambayo inaweza kutayarishwa kwa LibreOffice, programu ya kompyuta inayopatikana bila malipo, na ikikamilika igeuzwe kuwa PDF ili ifunguke kwenye kifaa chochote bila mpangilio kuvurugika. Tuseme kila mmoja ana picha 12 za megabaiti tatu tatu. Kwa wanafunzi 48 hiyo ni takriban gigabaiti 1.7, nafasi ambayo flashi ya kawaida inaimudu bila shida. Weka nakala ya pili kwenye kipakatalishi, na faili zipewe majina kwa utaratibu mmoja unaoanza na gredi, kisha muhula, kisha somo. Zipo programu zilizobuniwa mahususi kwa potifolio, kama vile Mahara, ambayo ni programu huria iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2006, lakini hiyo huhitaji seva na mtu wa kuitunza, na Google Sites, huduma ya Google ya kutengeneza tovuti, nayo hutaka intaneti ya kutegemewa. Ziache kwanza.

Jibu la 2, kutoka kwa mzazi ambaye pia ni wakili, Nairobi

Nimesoma mjadala huu kwa makini, na ningependa kuongeza jambo ambalo shule nyingi hulikumbuka baada ya malalamiko kufika. Picha ya mtoto, sauti yake, jina lake na alama zake zote ni data yake binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka mzazi au mlezi atoe idhini kabla data ya mtoto haijashughulikiwa, na inataka pia shughuli hiyo iwe kwa manufaa ya mtoto mwenyewe. Mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja hapa nchini faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, kwa hivyo hili si jambo la nadharia.

Mwalimu, ninakushauri uandike fomu fupi ya idhini kwa Kiswahili ambacho mzazi yeyote atakielewa, ukitaja ni nini kitakachorekodiwa, kitahifadhiwa wapi, nani atakiona na kitafutwa lini. Idhini ya kuhifadhi kazi ndani ya shule itenganishwe na idhini ya kuionyesha hadharani, maana mzazi anaweza kuikubali ya kwanza na kuikataa ya pili, na ana haki ya kufanya hivyo bila mtoto wake kutengwa. Kwa kadiri inavyowezekana, pigeni picha za kazi na za mikono inayoifanya, badala ya nyuso. Tena zimeni huduma ya mahali kwenye kamera za vishikwambi, kwa sababu picha inaweza kubeba ndani yake alama za mahali ilipopigwa, na mtu wa mbali akajua mtoto yuko wapi. Mkiamua baadaye kutumia akaunti za mtandaoni, ni heri ziwe za shule zinazosimamiwa na shule, kuliko kila mtoto kujifungulia yake.

Jibu la 3, kutoka kwa mkufunzi wa chuo cha ualimu, Mombasa

Ninakubaliana na mengi aliyoyasema mwalimu wa Kakamega, isipokuwa hapo aliposema tafakari iandikwe kwanza daftarini. Wapo wanafunzi wanaofikiri vizuri na kusema vizuri, lakini kalamu huwafunga. Huyo msusi wa mkeka, kwa mfano, nina hakika angeeleza kwa ufasaha mkubwa zaidi akiwa ameushika ukili mkononi huku anarekodiwa sauti kwa dakika moja na nusu. Kwa kuwa wewe ni mwalimu wa Kiswahili, utakuwa pia umepata ushahidi wa stadi ya kuzungumza. Hata hivyo, faida moja ya daftari siikatai: siku hizi wanafunzi wanaojua kutumia akili unde (AI) huleta tafakari zilizonyooka mno zisizo na harufu ya mwandishi wake, na rasimu ya mkono au sauti ya mtoto mwenyewe hulizuia hilo.

Katika kutathmini, usitoe alama kwa urembo wa slaidi. Ukifanya hivyo, utakuwa umempima yule mwenye simu nyumbani, na hilo ndilo ulilokuwa unalihofia. Tumia viwango vilevile vinne ambavyo wanafunzi wamevizoea, kuanzia kuzidisha matarajio hadi mbali na matarajio, lakini uvielekeze kwenye mambo mawili pekee: kama kazi iliyochaguliwa inathibitisha umilisi unaotajwa, na kama maelezo yanaonyesha mwanafunzi anafahamu alivyofika pale. Waruhusu pia, na hata uwahimize, waweke kazi moja ambayo haikufaulu. Wanafunzi kutathminiana kwa orodha hakiki fupi kabla ya kazi kukufikia kutakupunguzia mzigo, maana potifolio 48 hazisomeki kwa jioni moja.

Wazazi waelezwe pia kwamba potifolio hii haichukui nafasi ya tathmini za KNEC, yaani Baraza la Mitihani la Kenya. Kwa utaratibu uliotangazwa, matokeo ya kuingia sekondari ya juu hutokana na KJSEA, yaani tathmini ya kitaifa ya mwisho wa Gredi ya 9, kwa asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 kwa asilimia 20, na KPSEA, yaani tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, kwa asilimia 20. Potifolio haimo katika hesabu hiyo. Manufaa yake yako kwingine: katika Gredi ya 9 mtoto huyu ataulizwa achague mkondo mmoja kati ya STEM (Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati), Sayansi za Jamii, na Sanaa na Sayansi ya Michezo, na watoto wengi huchagua kwa kufuata marafiki au shinikizo la nyumbani. Mwenye ushahidi wa miaka miwili wa kazi alizozipenda na alizozimudu atakuwa na la kusema mbele ya mzazi anayemtaka awe daktari.

Mwuliza swali

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nitaanza na kazi tatu kwa kila mwanafunzi muhula huu, nusu ya tafakari zikiwa za sauti, na fomu ya idhini nitaiandika kabla ya kugusa kamera yoyote. Limebaki jambo moja. Wazazi wetu wengi ni wavuvi na wakulima wasio na simu za kisasa, na sitaki kazi hii waisikie kwa kusimuliwa tu. Mmelishughulikia vipi?

Mwalimu wa Sayansi Jumuishi, Kakamega

Siku ya wazazi, badala ya wewe kusimama mbele ya ukumbi na kuonyesha slaidi za watatu walio bora, panga meza nane na vishikwambi vinane, na kila mzazi aketi na mtoto wake kwa dakika kumi, mtoto akiongoza mazungumzo. Kwa wanafunzi 48 hizo ni zamu sita, yaani saa moja. Chaji vifaa vyote usiku wa kuamkia siku hiyo, kwa sababu umeme hautabiriki. Kwa mzazi asiyeweza kufika, mpe mtoto ukurasa mmoja uliochapishwa, wenye picha mbili na maelezo yake, aupeleke nyumbani. Nyeusi na nyeupe inatosha, isipokuwa kwa michoro ya rangi, na kwa zile kazi za sauti mwanafunzi aandike muhtasari wa sentensi tatu chini ya picha. Nyuma ya ukurasa acha nafasi ya mzazi kuandika neno, au kumtamkia mtoto aliandike, kisha ukurasa urudi shuleni upigwe picha na uwe sehemu ya potifolio.