Dawa za akili zinasinyaza ubongo: familia iambiwe au ifichwe?

Mleta mada:
Wakuu, heshima kwenu. Mdogo wangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuona visivyokuwepo, huu mwaka wa sita. Mwezi uliopita kagomea sindano yake ya mwezi. Katumiwa klipu ya WhatsApp, jamaa anasema dawa hizo "zinakausha ubongo". Nikambishia. Halafu nikakaa kusoma, nikakuta jamaa hajatunga yote. Mwaka 2011 Beng-Choon Ho na Nancy Andreasen wa Iowa, Marekani, walichapisha picha za MRI za wagonjwa 211 waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 7: aliyetumia dawa nyingi zaidi ndiye ubongo wake ulipungua zaidi. Kabla yake, 2005, tumbili waliopewa haloperidol au olanzapine, dawa za skizofrenia, kwa miezi 17 hadi 27 walikutwa na ubongo mdogo kwa asilimia 8 hadi 11. Tumbili hawana skizofrenia!

Mbona miaka yote hii tunaambiwa "asiache dawa" tu?

Muuguzi wa wodi ya akili:
Mkuu, umeingilia hadithi katikati. Eve Johnstone na Tim Crow waliwapiga wagonjwa picha za CT kule London tangu 1976, wakaona vyumba vya maji ndani ya ubongo vimepanuka, dalili kwamba nyama ya ubongo imepungua. Na upungufu umeonekana hata kwa walioshikwa na ugonjwa mara ya kwanza, ambao hawajameza kidonge hata kimoja. Kwa hiyo ugonjwa wenyewe unakula ubongo. Dawa huenda inaongeza, sibishi. Ila Finland walifuatilia wagonjwa miaka 11: waliotumia dawa muda mrefu walikufa wachache kuliko wasiotumia kabisa. Mimi nawapokea walioacha. Wanaletwa wamefungwa kamba. Ukimwambia mama wa kijijini habari ya ubongo kusinyaa, mwezi ujao humwoni kliniki.

Mwenye baipola:
Dada muuguzi, shikamoo, lakini hapo sikubaliani nawe. Mimi ndiye mnayemjadili. Nina baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, natumia dawa yake ya lithiamu, na kwa sisi wa baipola uchunguzi mkubwa wa 2018 ulikuta wanaotumia lithiamu gamba la ubongo wao ni nene zaidi, siyo jembamba. Habari njema hiyo, nayo sikuambiwa! Sikuambiwa pia kwamba figo na tezi ya shingo zinatakiwa kupimwa. Nilipojua mwenyewe nilikasirika, nikaacha dawa, nikauza kiwanja cha marehemu baba kwa bei ya kutupa nikijiona tajiri. Kilichoniachisha dawa ni kufichwa.

Muuguzi:
Pole mwanangu. Hilo la kupima figo ni kosa letu, halina utetezi.

Mleta mada:
Sasa nimpeleke MRI tuone umepungua kiasi gani?

Muuguzi:
Tunza hela yako. Tofauti hizo ni za wastani wa kundi. Ukichanganya picha za wagonjwa na za wazima, nyingi hutazitofautisha, na hakuna anayepimwa skizofrenia kwa picha. Picha ni ya kutafuta uvimbe au jeraha. Ulizia dozi: ndiyo ndogo inayomtosha, au anaendelea na ile ya siku alipolazwa?

Mleta mada:
Ni ileile ya wodini, haijawahi kuguswa. Kliniki ni Jumanne. Nimemwambia twende wote, na ile klipu aende nayo amwonyeshe daktari.