Kwa nini nyumba hujaa tena muda mfupi baada ya kupangwa?

Muulizaji

Habari zenu, ndugu zangu. Naleta hapa suala la nyumbani ambalo bado sijalipatia ufumbuzi wa kudumu, nikiamini kwamba wapo kati yenu waliolipitia.

Nyumba yetu ni ya kawaida. Tunaishi mimi, mume wangu na watoto, na kwa miaka kadhaa sasa vitu vimekuwa vikiongezeka bila mtu yeyote kuamua kwamba viongezeke. Kabati za nguo hazifungiki vizuri, droo za jikoni zimejaa vifuniko ambavyo vyombo vyake sijui viko wapi, meza ya sebuleni haikosi makaratasi, na stoo imefikia hali ya mtu kufungua mlango, kusukuma kitu ndani na kuufunga haraka kabla kingine hakijaanguka. Kila nipatapo siku ya mapumziko hupanga upya, hununua vikapu na makasha ya kuhifadhia, nyumba ikapendeza, lakini baada ya wiki chache tu hali hurudi ilivyokuwa.

Nina maswali mawili. La kwanza ni wapi pa kuanzia, na kwa mpangilio gani, ili kazi hii isinirudie kila mara. La pili ni gumu zaidi: vipo vitu vya marehemu mama yangu ambavyo siwezi kuvitazama kama vitu vya kawaida, na vipo vya mume wangu, ambaye anaamini kwamba kila waya na kila skrubu itahitajika siku moja. Sitamani nyumba tupu isiyo na dalili ya kuishi watu. Natamani nyumba ambayo naweza kuifagia bila kuanza kwa kuhamisha vitu.

Mchangiaji wa kwanza

Dada, pole kwa uchovu huo. Naona katika maelezo yako jambo moja ambalo huenda ndilo chanzo: kupanga na kupunguza ni kazi mbili tofauti, na wewe umekuwa ukiifanya ile ya kwanza pekee. Ukinunua vikapu na makasha, kiasi cha vitu hubaki kilekile, tena huongezeka kwa idadi ya makasha yenyewe. Kilichobadilika ni kwamba sasa vimefichika. Kwa hiyo nakusihi usinunue chombo chochote cha kuhifadhia mpaka umemaliza kutoa vya kutoka, kwa maana hapo ndipo utakapojua vilivyobaki vinahitaji nafasi ya kiasi gani, na mara nyingi utakuta kabati ulizo nazo zinatosha.

Mrundikano, kwa mtazamo wangu, ni maamuzi yaliyoahirishwa. Bahasha iliyo mezani inasubiri mtu aamue kama ni ya kulipwa, ya kuhifadhiwa au ya kutupwa; suruali iliyo chini ya kabati inasubiri aamue kama itashonwa. Ndiyo maana kazi hii inachosha kuliko kufagia au kuosha, ingawa haihitaji nguvu za mwili, na ndiyo maana si vizuri kuianza jioni baada ya kazi za kutwa, wakati akili imeshachoka kuamua.

Kuhusu mpangilio, anza na vitu visivyogusa moyo: dawa zilizopitwa na muda, vipodozi vilivyokauka, vifuniko visivyo na vyombo, makaratasi, kisha nguo. Endelea na vyombo, vitabu na zana. Vitu vya mama yako viwe vya mwisho kabisa. Uwezo wa kuamua hukua kwa mazoezi, na mtu aliyekwisha kuamua juu ya mamia ya vitu vidogo huwa imara zaidi anapofikia vile vizito, ilhali anayeanza na picha na barua hukaa sakafuni akizisoma hadi siku ikaisha. Hizo dawa usizimwage chooni wala kwenye sinki. Uliza duka la dawa kama hupokea zilizopitwa na muda, nao watakuelekeza.

Jambo jingine ni kukusanya vitu kwa aina badala ya chumba. Mikasi ikiwa mmoja jikoni, mwingine chumbani na mingine stoo, kila chumba kitaonekana kina mkasi mmoja tu wa haki. Ikikusanywa yote mahali pamoja ndipo utakapoona kwamba nyumba inahitaji miwili. Ila fanya kwa vipande vinavyoweza kumalizika, yaani droo moja au rafu moja kwa wakati, na vilivyoamuliwa kutoka vitoke nyumbani siku hiyohiyo. Mfuko wa nguo za kugawa uliowekwa karibu na mlango kwa wiki mbili una tabia ya kufunguliwa tena, na vitu vyake kurudi kabatini kimoja kimoja.

Mchangiaji wa pili

Nakubaliana na mwenzangu, nami ningependa kuongeza kwa nini maamuzi haya ni magumu hivyo, kwa sababu mtu akijua sababu huacha kujilaumu na kuanza kujiuliza maswali yanayofaa.

Mwanauchumi wa Marekani Richard Thaler aliandika mwaka 1980 juu ya tabia ya watu kukithamini kitu zaidi kwa sababu tu ni chao. Miaka kumi baadaye, yaani 1990, yeye pamoja na Daniel Kahneman na Jack Knetsch walichapisha majaribio ambamo baadhi ya washiriki walipewa vikombe na wengine hawakupewa, kisha wakaulizwa bei. Waliokuwa na vikombe walitaka takribani maradufu ya kile ambacho wasio navyo walikuwa tayari kulipa, ingawa vikombe vilikuwa vya aina moja na walikuwa wamevimiliki kwa muda mfupi sana. Ikiwa kikombe cha muda mfupi hivyo hupanda thamani machoni pa mwenyewe, basi si ajabu kwamba kitu kilichokaa kabatini kwa miaka kumi huonekana hakiwezi kuachwa.

Kutokana na hilo, swali la "nikitoe au nisikitoe?" linampendelea mwenye kitu abaki nacho. Badala yake jiulize: kama nisingekuwa nacho, je, leo ningetoka kwenda kukitafuta? Kama jibu ni hapana, basi kinachokishikilia ni umiliki tu, wala si manufaa. Vivyo hivyo kuhusu fedha zilizotumika. Kiatu cha bei kubwa kinachobana kilikwisha kugharimu siku kiliponunuliwa. Kukiweka hakurudishi hata senti, bali huongeza gharama ya nafasi na ya kukisafisha vumbi.

Hata hivyo, sipendi ushauri unaowaambia watu wote watupe kila ambacho hakijatumika kwa mwaka mzima. Mwenye uwezo wa kununua kingine kesho anaweza kutupa kwa wepesi; asiye na uwezo huo ana sababu ya haki ya kutunza. Kipimo kiwe mambo matatu yakiangaliwa kwa pamoja: uwezekano wa kweli wa kukihitaji, ugumu wa kukipata kingine au kukiazima, na nafasi kinayochukua. Blanketi la akiba linalotumika wageni wakija mara moja kwa mwaka linastahili kubaki. Boksi tupu la televisheni iliyokwisha kuharibika halistahili, hata kama limetunzwa kwa uangalifu.

Mchangiaji wa tatu

Ndugu zangu mmesema vizuri, ila naona swali la pili la dada halijajibiwa, na kwangu mimi ndilo lenye uzito.

Vitu vya mumeo ni vyake. Usivitoe bila ridhaa yake, hata kimoja, hata kama una hakika hatagundua. Akigundua mara moja tu, ataanza kulinda kila waya kwa nguvu zaidi kuliko mwanzo, na atakuwa na haki. Njia ninayoiona yenye heshima ni kukubaliana naye juu ya mipaka: rafu fulani au kabati fulani ni yake kwa zana na waya, avipange apendavyo, na kitakachozidi nafasi hiyo aamue mwenyewe kipi kitoke ili kipi kiingie. Hapo mabishano juu ya kila skrubu huisha, kwa kuwa rafu ndiyo inayokataa wala si wewe. Watoto nao waelekezwe hivyohivyo. Mtoto akichagua mwenyewe vichezeo vya kubaki ndani ya kikapu chake hujifunza kuamua, ilhali anayenyang'anywa hujifunza kuficha.

Kuhusu vitu vya marehemu mama yako, kwanza nakupa pole. Usijiwekee haraka, wala usikubali kuharakishwa na mtu. Kabla hujatoa chochote waulize ndugu zako, kwani kile usichokitaka wewe huenda ndicho ambacho mdogo wako amekuwa akitamani kukiomba na kuona haya. Kisha chagua vile vinavyomsimulia mama yako hasa, uvitoe stoo na kuviweka panapoonekana au kuvitumia. Shuka aliyoitarizi kwa mkono wake ikitandikwa inamkumbusha zaidi kuliko masanduku sita yasiyofunguliwa. Kwa vilivyobaki, piga picha kabla ya kuvigawa. Watafiti wa Marekani, Karen Winterich, Rebecca Reczek na Julie Irwin, walichapisha mwaka 2017 matokeo yaliyoonyesha kwamba watu waliohimizwa kupiga picha za vitu vyao vya kumbukumbu walitoa vingi zaidi kuliko ambao hawakuhimizwa, kwa sababu kinachoogopwa ni kupotea kwa kumbukumbu, nayo picha huilinda.

Niseme jambo moja zaidi, si kwa ajili yako dada, bali kwa wasomaji wengine. Kuna mrundikano wa kawaida, na kuna ugonjwa wa kulimbikiza vitu, ambao Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani kiliutambua kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wake wa kutambua magonjwa ya akili wa mwaka 2013. Mgonjwa huumia sana anapofikiria kuachana na kitu chochote, kiasi kwamba vyumba hufika mahali havitumiki kwa kazi yake. Kitanda hakilaliki na jiko halipikiki. Mtu wa namna hiyo asivamiwe na ndugu wakamsafishia nyumba akiwa safarini. Huongeza maumivu, na vitu hurudi. Anahitaji mtaalamu wa afya ya akili na watu wenye subira.

Muulizaji

Nawashukuru sana, na wazo la rafu inayokataa nimelipenda. Nitazungumza na mume wangu. Naomba kuongeza mawili. Je, tunazuiaje vitu visiingie tena? Na hizo simu za zamani, chaja na betri, kuna njia salama ya kuziondoa? Tunazo nyingi, na tunaogopa kuzitupa.

Mchangiaji wa nne

Dada, vitu huingia haba na haba, hivyo mlango wa kuingilia unahitaji uangalizi kuliko stoo. Mwanafalsafa wa Ufaransa Denis Diderot aliandika mwaka 1769 jinsi joho jipya la nyumbani lilivyofanya samani zake za zamani zionekane duni, akajikuta anabadilisha kimoja baada ya kingine. Mwaka 1988 mwanaanthropolojia Grant McCracken aliipa tabia hiyo jina la Diderot. Pazia jipya hudai mito mipya, na mito hudai zulia. Kwa hiyo kabla ya kununua tazama pia kile kitakachodaiwa na kitu hicho, na kitakaa wapi. Kama huwezi kutaja mahali pake, kiache kwanza dukani. Kwa nguo, viatu na vyombo, kanuni ya kutoa kimoja kila kinapoingia kimoja inasaidia sana, mradi iwe kwa aina ileile. Kuhusu zawadi, waambie mapema wapendwa wako kwamba mtafurahia zaidi vitu vinavyotumika vikaisha.

Simu za zamani ziondolewe laini na kadi ya kumbukumbu, akaunti zifungwe, kisha zifutwe kabisa kabla ya kumpa mtu au kupeleka panapokusanywa taka za umeme. Betri za lithiamu, yaani aina iliyomo kwenye simu, zisichanganywe na taka za kawaida, kwa sababu zikipondwa zinaweza kuwaka. Bandika utepe kwenye ncha zake. Betri iliyovimba isichajiwe, isitobolewe wala kubonyezwa. Iwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto na ipelekwe haraka kwa wanaopokea. Waya zisichomwe ili kupata shaba, kwani plastiki yake hutoa moshi wenye sumu. Kuhusu chaja, tafuta kila moja kifaa chake. Isiyo na kifaa iondoke. Umoja wa Ulaya umelazimisha simu mpya zinazouzwa humo kutumia tundu moja la kuchajia, liitwalo USB-C, tangu tarehe 28 Desemba 2024, na watengenezaji wengi sasa wanatumia tundu hilo, hivyo uwezekano wa chaja nyingi za zamani kuhitajika tena ni mdogo. Mweleze mumeo hoja hiyo, huenda ikamridhisha kuliko malalamiko.

Mchangiaji wa kwanza

Kwa kuwa nilimwambia aanze na makaratasi, nifafanue yapi yabaki. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya masomo, hati za umiliki, mikataba inayoendelea na kumbukumbu za matibabu vihifadhiwe katika jalada moja ambalo kila mtu mzima nyumbani anajua lilipo. Dhamana za vifaa zikae mpaka muda wake uishe. Nyaraka za kodi zihifadhiwe kwa kipindi kinachotakiwa na sheria za unakoishi. Stakabadhi nyingine, zikishalinganishwa na malipo, hazina kazi. Zenye namba za akaunti au za vitambulisho zichanwe vipande vidogo kabla ya kutupwa.