Bendera ya Katanga katika sanduku la babu: je, tuitandike siku ya kuondoa kilio?

Mjukuu wa Kamalondo

Wazee wetu, mama zetu na ndugu wote wa jukwaa, nawasalimu kwa heshima. Naomba ushauri juu ya jambo ambalo limeanza kuigawa familia yetu, na nawasihi mnijibu kwa upole kwa kuwa bado tuko katika kilio.

Babu yetu mzaa baba alifariki miezi miwili iliyopita hapa Lubumbashi. Tulipofungua sanduku lake la bati, chini ya hati za kiwanja, tulikuta kitambaa kilichofungwa ndani ya shuka: juu chekundu, chini cheupe, mstari wa kijani umekikata kwa mshazari, na penye weupe pana misalaba mitatu ya rangi ya shaba. Ni bendera ya Katanga ya wakati wa Tshombe, aliyetangaza kuitenga Katanga na Kongo mwaka 1960. Babu aliingia jandarmeri, yaani jeshi la Katanga hiyo, akiwa kijana sana, lakini katika maisha yake yote hakupata kutusimulia habari za miaka hiyo.

Baba mdogo anataka bendera itandikwe juu ya meza ya picha ya marehemu siku ya kuondoa kilio, mbele ya wageni wote. Anasema mtu aliyeitunza miaka sitini alitaka aagwe nayo. Sasa, mke wangu amezaliwa Likasi na wazazi wenye asili ya Kasai. Mwaka 1992, akiwa mtoto, alilala siku nyingi karibu na stesheni pamoja na wazazi wake na maelfu ya wengine waliofukuzwa Katanga kwa sababu ya asili yao ya Kasai, wakingoja treni ya kuwapeleka nchi ambayo yeye hakuwahi kuiona. Alipoiona bendera ile hakusema neno, alitoka akaenda kukaa jikoni. Baba yake, mkwe wangu, amealikwa na amekubali kuja.

Naomba mnieleze bendera hii ilikuwa na maana gani kwa walioipandisha, na kama mimi, mjukuu mkubwa, nina haki ya kumkatalia baba mdogo.

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, pole kwa msiba. Nimefundisha historia kwa miaka mingi katika shule za mkoa huu, na swali lako limewahi kuulizwa darasani kwangu mara nyingi, tena kwa hasira. Nakushauri kwanza utenganishe misalaba na kitambaa, kwa sababu umri wao si mmoja.

Ule msalaba, ambao wazee waliuita handa, ni wa kale kuliko siasa yoyote unayoijua. Watu wetu waliyeyusha mawe ya kijani ya shaba katika tanuru za udongo wakati wa kiangazi, baada ya mavuno, wakamimina shaba katika kalibu zenye umbo la msalaba. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale katika bonde la Upemba, wachimbuaji wa mambo ya kale waliofanya kazi kuanzia mwaka 1957 walikuta misalaba hiyo makaburini, imewekwa pamoja na marehemu, mingine ikiwa na umri wa miaka mia saba hivi. Kadiri karne zilivyopita, misalaba ya makaburini ilizidi kuwa midogo na yenye vipimo vinavyofanana, na wataalamu wanaona katika hilo dalili ya kitu kilichogeuka kuwa fedha. Ilitolewa mahari, ilinunua bidhaa, ilifika mbali na machimbo yenyewe. Ni urithi wa Wasanga, Waluba, Wayeke, Walamba na wengine, na hakuna chama kilichouzaa.

Kitambaa ni jambo jingine. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja tu baada ya uhuru wa Kongo, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Bendera ikatengenezwa: nyekundu ilihusishwa na damu na nguvu, kijani na matumaini, nyeupe na usafi, na misalaba ikawa utajiri wa shaba. Mwaka 1961 msalaba huohuo ukapigwa kwenye sarafu za serikali hiyo, upande wa pili wakaweka ndizi. Serikali iliishi kwa kodi za Union Minière, kampuni ya machimbo ya shaba, na kwa msaada wa maofisa wa Kibelgiji, hakuna nchi hata moja iliyoitambua rasmi, na mnamo Januari 1963 ikafikia kikomo. Ni chini ya bendera hiyo kwamba Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Mpolo na Okito waliuawa karibu na mji wetu tarehe 17 Januari 1961.

Jambo moja husahauliwa, nami hulisema kila ninapopata nafasi: bendera ya Kongo ya tarehe 30 Juni 1960 ilikuwa na nyota ndogo sita kandokando ya mlingoti, moja kwa kila mkoa. Katanga ilikuwa na nyota yake humo. Walioshona bendera nyingine hawakufanya hivyo kwa sababu walikuwa wamesahauliwa, walifanya hivyo kwa sababu hawakutaka kugawana.

Binti wa Manono

Mwalimu, nakuheshimu, lakini umepita haraka mahali ambapo sisi wa kaskazini hatuwezi kupita haraka. Unasema «Katanga imejitenga». Katanga ipi? Katika uchaguzi wa Mei 1960 CONAKAT, chama cha Tshombe, ilipata viti 25 kati ya 60 vya baraza la mkoa, na muungano wa BALUBAKAT, chama cha Waluba wa Katanga, wa Jason Sendwe ukapata 23. Karibu nusu ya mkoa haikuwa na Tshombe. Januari 1961 watu wetu walitangaza mkoa wao huko Manono, na mwishoni mwa Machi jandarmeri ikaja kuuteka mji. Vijiji vilichomwa. Mwaka huohuo, huko Élisabethville kwenyewe, Lubumbashi ya leo, maelfu ya Waluba walikimbilia kambini chini ya ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa kwa kuogopa majirani zao na polisi. Bibi yangu alijifungua katika kambi hiyo.

Kwa hiyo, kaka, usidhani kwamba anayeumizwa na bendera hiyo ni mkweo wa Kasai peke yake. Wapo Wakatanga, wana wa shaba hiyohiyo, ambao kwao rangi zile zinakumbusha moshi. Nakuuliza kwa heshima: je, mnajua babu alikuwa wapi mwaka 1961?

Mzawa wa Bunkeya

Nimesoma yote na nina uchungu, kwa sababu mnazungumza kana kwamba bendera ya kwanza kuletwa kwa nguvu katika nchi hii ni ile ya 1960. Tarehe 19 Desemba 1891 msafara wa Stairs ulipandisha juu ya Bunkeya bendera ya buluu yenye nyota ya dhahabu, ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji, bila ridhaa ya Mwami Msiri, mfalme wa Wayeke, na kesho yake Msiri akapigwa risasi. Nyota ile imo katika bendera yetu leo na hakuna anayeona haya kuisimamia. Kwetu wapo wazee ambao, walipoona handa kwenye bendera, waliona kwa mara ya kwanza kitu cha kwao juu ya mlingoti. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Tshombe, alikuwa mzao wa Msiri, na hatuwezi kuambiwa kwamba wote waliomfuata walikuwa vibaraka wa kampuni.

Sikatai moshi wa Manono. Nasema tu kwamba kijana wa miaka kumi na minane aliyevaa sare hiyo huenda aliamini analinda nyumba yake.

Mwalimu Mstaafu

Binti wa Manono, umenisahihisha kwa haki na nakushukuru. Ndugu wa Bunkeya, habari ya 1891 ni kweli tupu. Lakini nyota ile ilipitia mikono mingi tangu Leopold, wapiganaji wa uhuru wakaichukua, na Katiba ya 2006 ikaipa mahali pake juu ya buluu ya mbingu pamoja na mstari mwekundu. Bendera ya misalaba mitatu haikupata mikono ya namna hiyo. Tarehe 23 Machi 2013 waliingia nayo mjini Lubumbashi watu wenye silaha wa Bakata Katanga, kundi linalotaka Katanga ijitenge, na watu wakafa. Askari atakayepita mbele ya uwanja wenu, mwanangu, ataikumbuka siku hiyo kabla ya kuuliza habari za marehemu.

Mama wa Katuba

Mwanangu, mimi si mtu wa historia. Nenda ukamwone mkweo kabla ya siku hiyo, wewe mwenyewe, usimtume mtu. Si vema mtu aliyefukuzwa aje kulia msiba wako akakutane na jambo hili mezani. Na kitambaa chenyewe msikifue kwa sabuni wala kukianika juani, kwani rangi za zamani hutoka. Kizungushieni pamba nyeupe safi, kiviringisheni badala ya kukikunja, na mkiweke mbali na unyevu wa masika.

Mjukuu wa Kamalondo

Nawashukuru wote, nimechelewa kurudi kwa sababu ya yaliyotokea.

Nilikwenda kwa mkwe wangu Jumapili. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema atakuja kilioni hata kama bendera itakuwapo, kwa kuwa anakuja kwa ajili ya binti yake na wajukuu wake, ila ataketi nje. Sikupata jibu la kumpa.

Swali la Binti wa Manono nalo halikuniacha nilale. Tulirudi kwenye sanduku tukakitafuta kijitabu cha utumishi cha babu, tukakipata ndani ya bahasha ya picha. Kurasa nyingi zimeliwa na mchwa, lakini mstari mmoja unasomeka: Manono, Aprili 1961. Nilimkabidhi baba mdogo asome mwenyewe. Alikishika kijitabu kwa muda mrefu, akaniuliza kama marehemu baba yangu alikuwa analijua hilo, nikamwambia sidhani. Jioni aliiviringisha bendera kwa mikono yake ndani ya kitambaa cheupe alichokinunua sokoni, akairudisha sandukuni. Mezani tutaweka picha na handa moja ambayo bibi aliirithi kwa mama yake, iliyotolewa kwa mahari.

Binti wa Manono, ukiridhia, ningependa kukuandikia faraghani. Baba mdogo anauliza kama kwenu kuna mzee anayekumbuka Aprili ile na ambaye angekubali kumpokea.