Diwani wetu kanikabidhi kikombe kichafu mbele ya ukumbi mzima

BintiPangani – Ijumaa 5 Mei 2023, saa 11:20 jioni

Wakuu, naandika nikiwa ndani ya gari, nje ya ukumbi wa michezo walikohesabia kura, na mikono inatetemeka mpaka simu inajiandikia yenyewe. Matokeo ya kata yetu yametangazwa sasa hivi. Nimeshindwa. Kushindwa si neno, aliyeingia ulingoni anajua kuna kuanguka. Nilichofanyiwa baada ya kushindwa ndicho kimenitoa humo ndani mbio, kabla sijamzaba mtu kibao nikalala mahabusu usiku wa kuamkia kutawazwa kwa Mfalme.

Mnamjua. Simtaji, na wala hakuna haja. Yeyote aliyewahi kupita vijiji vyetu hivi kashakutana naye: suruali ya kodrai rangi ya haradali, koti la mvua lililokuwepo tangu enzi za Churchill, mbwa wawili wanaokula vizuri kuliko sisi tunaolinda wazee wao usiku. Yule yule ambaye 2019 alipita bila kupingwa. Kata nzima hakuna hata mmoja aliyechukua fomu, basi akajihesabia kwamba ni shamba la babu yake.

Kanikabidhi kikombe.

Niko huku Uingereza miaka kumi na minne. Nina ukaazi wa kudumu, na sheria yao inamruhusu raia wa nchi ya Madola kupiga kura na kugombea udiwani. Fomu haina dhamana ya pesa, unatakiwa wadhamini wawili tu wa kata yako. Nikagombea kama mgombea binafsi. Nyumbani Tanzania Mchungaji Mtikila alilihangaikia jambo hilo la mgombea binafsi miaka na miaka, Mahakama ya Afrika pale Arusha ikampa haki yake 2013, akafariki 2015 hajaliona. Mimi huku nimelipata kwa saini za majirani wawili mezani kwangu. Ndiyo maana sikulichukulia mchezo.

Tangu Februari natoka zamu asubuhi, nalala masaa matatu tu, naanza kugonga milango. Huku si mjini, nyumba na nyumba zimeachana kwa matope. Nimefukuzwa na bata bukini mara mbili. Wazee wamenikaribisha, wamenionyesha ukungu kwenye kuta za nyumba za halmashauri, mweusi, ukiugusa unabaki na alama kidoleni. Ukungu huo ni kazi ya wilaya. Vibali vya ujenzi ni kazi ya wilaya. Mashimo ya barabarani ni ya kaunti, na kila mlango nimewaeleza hivyo, nikapoteza kura kwa kusema ukweli. Mwenzangu alikuwa anaahidi kuziba mashimo ambayo hata koleo lake hana.

Leo meza zilipangwa juu ya mistari ya badminton, kura zinafungwa mafungu mafungu. Matokeo ya kwanza: yeye 398, mimi 387. Nikaomba zihesabiwe upya. Zikarudi: yeye 397, mimi 388. Kura tisa! Kura moja yangu imekataliwa kwa sababu mwenyewe kaandika jina lake pembeni, kwa mwandiko mzuri wa shule za zamani, ili nijue ni yeye. Sheria inasema karatasi inayomtambulisha mpiga kura haihesabiwi. Nimeiona kwa macho yangu ikiwekwa kwenye trei ya zilizoharibika.

Nikameza. Msimamizi akasoma majina, akatangaza mshindi. Mheshimiwa akapanda, akashukuru polisi, akashukuru wahesabu kura, akashukuru mke, akashukuru mbwa. Akashuka. Mimi nimesimama pale chini, kifuani nina ua la utepe la zambarau ukubwa wa sahani ya pilau, limeandikwa MGOMBEA. Nikanyoosha mkono nimpongeze kama nilivyofundishwa kwetu.

Akaniwekea kikombe mkononi. Kikombe na kisosi chake, na kijipakiti cha majani ya chai kilichokamuliwa bado kinavuja. Akasema, "Asante sana, mama," akapita.

Wiki mbili nyuma tumekaa meza moja kwenye mdahalo wa kijiji! Meza moja! Goti na goti!

---

Mzee_wa_Kisosi – 11:26 jioni

Dada pole sana. Swali moja tu: ulikipokea?

---

BintiPangani – 11:28 jioni

Mkono ulikuwa tayari umenyooshwa! Ningefanyaje, nikiachie kianguke?

---

Mzee_wa_Kisosi – 11:29 jioni

Kwa hiyo ulikipokea.

(Jina langu hili nimejiandikisha nalo tangu 2011, msianze.)

---

Chuma_cha_Reli – 11:34 jioni

Aisee nimecheka mpaka meneja kaja kuniangalia. Ua kifuani ukubwa wa sahani ya pilau, halafu mtu anaona mhudumu wa chai. Huyo hakosei macho, huyo kakuona vizuri kabisa.

---

WanjaWaNakuru – 11:40 jioni

Pole mami. Lakini wacha nikwambie, huyo wako angalau amesema asante. MCA wetu, yaani diwani wa kaunti, huko nyumbani Kenya ukimpata kwa soko anakuambia umpigie kesho, na hiyo kesho ni uchaguzi ujao. Mimi nilimngojea nje ya ofisi kutoka saa mbili mpaka saa kumi kwa sababu ya basari ya mtoto, akatokea kwa mlango wa nyuma.

---

BintiPangani – 11:44 jioni

Dada Wanja, hiyo asante ndiyo iliyoniua. Angetukana ningejua nimetukanwa. Ile sauti ni ya mtu anayemshukuru aliyemletea viatu. Na chai ilikuwa imebaki kidogo, ikanimwagikia kwenye kiganja. Ilikuwa ya baridi. Kaa na kikombe cha chai ya baridi mkononi, ukumbi mzima unakuangalia, halafu uniambie asante hiyo ina ladha gani.

---

Kitwana_Mwenyewe – 11:58 jioni

Mimi nitakuwa tofauti na wenzangu. Umeshindwa kwa kura tisa. Kura TISA. Hiyo ni familia moja na mgeni wao. Badala ya kukaa ujiulize nyumba gani hukugonga, unatuletea habari za vyombo. Siasa si jando, hakuna wa kukubembeleza.

---

BintiPangani – saa 12:03 jioni

Kitwana, nyumba zote nimegonga. Zote. Ile moja sikugonga ni yake yeye, na hata hiyo niliacha kipeperushi getini.

---

Fundi_Bomba_Norwich – 12:10 jioni

Hapo kwenye kura tisa, shukuru hamkufungana. Wakifungana huku hakuna kurudia uchaguzi, msimamizi anaamua kwa kura ya bahati. Northumberland 2017, kata ya South Blyth, waliishia kuvuta vijiti. Aliyepata kijiti kirefu akawa diwani, na chama cha mwenzake kikakosa wingi wa halmashauri nzima kwa kiti hicho kimoja. Sasa fikiria ungeshindwa kwa kijiti halafu ukapewa na kikombe.

---

Chuma_cha_Reli – 12:12 jioni

Kijiti cha kukorogea.

---

MamaZuu_Ipswich – 12:25 jioni

Mnamcheka mwenzenu, na kisa hiki si cha kuchekwa. Mimi nimefanya usafi kwenye kumbi hizo hizo, najua wanavyokuangalia, jicho linapita begani kwako linatafuta mtu. Dada, mimi ningemrudishia kikombe chake papo hapo.

Ila na mimi nina langu la jana. Kijana wangu, mara yake ya kwanza kupiga kura, katoka kazini kaenda kituoni na kadi yake ya treni ya vijana. Mwaka huu wameanza kudai kitambulisho cha picha. Wakamwambia kadi hiyo haimo kwenye orodha. Bibi aliyekuwa nyuma yake akatoa pasi yake ya basi ya wazee, akapita. Picha ya bibi inatosha, picha ya kijana haitoshi! Akarudi nyumbani, akakuta mimi nimetoka na funguo ya kabati lenye pasipoti ninayo mimi. Saa nne usiku wakafunga.

---

BintiPangani – 12:31 jioni

MamaZuu, mwambie asikate tamaa. Kuna hati ya mpiga kura inatolewa bure, aombe mapema kabla ya uchaguzi mwingine. Na pasipoti yetu ya Tanzania inakubalika kituoni, mimi jana nimeitumia hiyo hiyo.

Na kuhusu kumrudishia kikombe: nilimfuata. Akawa keshazungukwa na watu wanampiga picha.

---

Mzee_wa_Kisosi – 12:33 jioni

Sasa kikombe kiko wapi?

---

BintiPangani – 12:36 jioni

Kiko hapa ninapoandika. Nimekiweka kwenye kiti cha abiria. Cheupe, kina ufa mdogo mdomoni, chini kimegongwa muhuri wa halmashauri.

---

Kitwana_Mwenyewe – 12:37 jioni

Umeondoka na mali ya umma!!!

---

Chuma_cha_Reli – 12:38 jioni

Mfungeni mkanda kikombe.

---

PapaBukavu – 12:50 jioni

Mama pole. Lakini sisi batu ya Congo tunasoma uzi hii tunakuwa na wivu. Niko huku miaka kumi na moja, nalipa kodi ya halmashauri kila mwezi, na sina ruhusa ya kuchagua hata diwani moja. Mtanzania ndiyo, Mkenya ndiyo, Muganda ndiyo. Mimi napewa mapipa tu.

---

Fundi_Bomba_Norwich – 12:55 jioni

Ni mambo ya Madola, mzee. Congo na Burundi hamumo.

---

PapaBukavu – 12:57 jioni

Na Rwanda? Rwanda Mwingereza hakuitawala hata siku moja!

---

Fundi_Bomba_Norwich – saa 1:02 usiku

Rwanda waliomba wakaingia, 2009. Mjomba wangu wa Burundi bado analalamika mpaka kesho.

---

Ngarambe_K – 1:10 usiku

Mmeanza sasa. Mtu anaongelea kikombe, nyinyi mmefika Kigali.

---

Kitwana_Mwenyewe – saa 4:05 usiku

Narudi na habari. Chama cha huyo Mheshimiwa wenu nchi nzima leo kinapukutika kama embe za upepo, wameshapoteza madiwani kwa mamia na bado wanahesabu. Majirani zenu wa Mid Suffolk, vijijini vile vile, mabanda ya nguruwe na makanisa ya mawe, chama cha Green, wale wa mazingira, wamezoa viti 24 kati ya 34. Wamechukua halmashauri nzima peke yao, jambo ambalo chama chao hakijawahi kulipata nchi hii. BintiPangani, ungevaa kijani badala ya hilo zambarau lako, saa hizi wewe ndiye unayegawa vikombe.

---

BintiPangani – 4:15 usiku

Kitwana, sitavaa rangi ya mtu ili nipate kiti. Watu 388 walimchagua mama wa Pangani anayelala masaa matatu, wakijua jina lake, wakijua kazi yake. Hao ndio waliotiwa kwenye kikombe kile. Nimefika nyumbani, nimekiosha, nimekiweka dirishani. Jumanne nakipeleka ofisi za halmashauri, nakiweka kaunta, na nitasema nani kanipa.

---

MamaZuu_Ipswich – 4:18 usiku

Kwa nini si Jumatatu? Kasirika mapema.

---

Ngarambe_K – 4:21 usiku

Jumatatu sikukuu, wametoa siku ya mapumziko kwa ajili ya kutawazwa kwa Mfalme. Na hapo ndipo nina hasira zangu. Sikukuu ikiingia tu, hawa wa mapipa wanavuruga ratiba. Pasaka waliniruka wiki mbili, nepi za mapacha zikakaa nje mpaka mbweha wakazifungua, nikaamka nikakuta uani kama jalala la Vingunguti.

---

Chuma_cha_Reli – 4:24 usiku

Wewe afadhali umerukwa. Mimi pipa langu waliliacha limejaa, wakanibandikia karatasi kwamba mfuniko haujafunga. Vidole vitatu tu! Nilipima.

---

PapaBukavu – 4:27 usiku

Mimi nililipia pipa la kahawia, pesa ya mwaka mzima, nikaweka maganda ya ndizi. Wakaacha. Wanasema ni ya majani ya bustani tu. Ndizi si jani?

---

Ngarambe_K – 4:30 usiku

Ganda la ndizi si jani la bustani, Papa. Labda kama umepanda migomba Norfolk.

Lakini swali langu bado halijajibiwa na mtu. Huku kwetu, kata ya pili kutoka kwa BintiPangani, siku yetu ni Jumanne. Nimempigia diwani wetu mara tatu, simu inaita tu. Wiki ijayo tunatoa lini, na pipa lipi?

---

BintiPangani – 4:34 usiku

Kwa sababu ya Jumatatu, kila siku inasogea mbele moja, wewe unaangukia Jumatano. Pipa jeusi. Litoe usiku wa Jumanne, lori linapita kwenu kabla ya saa moja asubuhi, na usilipange nyuma ya gari la jirani, dereva wao haoni pale kwenye kona.