Tupeane uzoefu: mtoto wa shule, maumivu ya tumbo na karatasi ya "H. pylori chanya"

MuuguziKalerwe
Muhula umefunguliwa na zile karatasi za H. pylori, bakteria wa tumboni anayeweza kuleta vidonda, zimerudi. Mtoto wa P.4 (darasa la nne la msingi) analia tumbo, kliniki inamtoboa kidole, kistripu kinatoa mistari miwili, na mama anaondoka na kaveera (mfuko wa plastiki) ya dawa za vidonda vya tumbo. Wenye ujuzi njooni tuliweke wazi, maana wazazi wanateseka na watoto wanamezeshwa dawa bure.

Naanza mimi. Kistripu cha damu hakimtafuti bakteria. Kinatafuta kingamwili, yaani alama ambazo mwili uliacha ulipokutana naye. Alama hizo hukaa miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria mwenyewe kwisha. Kwa mtoto, karatasi hiyo peke yake haitoshi kuanzisha dawa. Ukitaka kujua kama yumo leo, pima antijeni, yaani chembe za bakteria mwenyewe, kwenye choo kikubwa, au kipimo cha pumzi pale kinapopatikana.

Maabara_Katwe
Naunga mkono, na niongeze ya kwetu mezani. Kipimo cha choo nacho hudanganya kama mtoto hakuandaliwa. Omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, isimamishwe wiki 2 kabla. Antibayotiki yoyote, hata ile amoksilini ya kikohozi aliyopewa na matroni, zipite wiki 4. Dawa hizi humpunguza bakteria bila kummaliza, kipimo kinasoma hasi, na mwezi unaofuata mnashangaa amerudi. Choo cha maji-maji pia hupunguza nguvu ya kipimo, basi subirini kuhara kuishe.

Mama_wa_P2
Kweli tupu. Hilo la wiki 4 haliulizwi dirishani.

DktWatoto_Mbarara
Kuna utafiti uliofanywa Kampala na kuchapishwa mwaka 2010, kwa watoto wa miaka 0 hadi 12 walioonekana wazima mitaani. Walipimwa choo, na karibu asilimia 44 walikuwa na H. pylori. Wazima hao! Wanacheza mpira, wanakula posho yao. Kwa hiyo ukimpima mtoto yeyote wa mitaa ya Kampala kama Bwaise au Namuwongo mwenye tumbo linalouma, uwezekano wa kumkuta naye ni mkubwa, na bado hajakwambia kinachomuuma.

Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa watoto inasema tusipime kila tumbo. Maumivu ya kitovuni yanayokuja na kuondoka, mtoto akasahau akiona wenzake wanacheza, mara nyingi si kidonda. Ulizeni kwanza: anaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila kitu, akisubiri uji wa mapumziko? Anabana choo kwa sababu vyoo vya shule vinatisha? Kufunga choo peke yake huleta maumivu makali sana. Minyoo je, alikosa albendazole, dawa ya minyoo inayogawiwa watoto Aprili na Oktoba?

Wa kupelekwa mbele haraka ni huyu: anatapika damu au choo ni cheusi kama lami, anaamshwa usiku na maumivu, anapungua uzito, anatapika kila siku, au damu yake iko chini na vidonge vya madini ya chuma havimpandishi. Huyo anahitaji kamera ya tumbo na vipande vidogo vya nyama vya kupimwa. (Choo cheusi kwa anayemeza vidonge vya chuma ni kawaida, msikimbie kwa hilo.)

DukaLaDawa_Kawempe
Daktari, unasema vizuri lakini mzazi anakuja na karatasi mkononi. Ukimkatalia anavuka barabara. Ana pesa ya siku 5, nimpe siku 5. Heri kidogo kuliko kukosa.

MuuguziKalerwe
Hapana ndugu yangu, hapo sikubaliani hata kidogo. Siku 5 ni mbaya kuliko kukosa. Tiba ni siku 14 kamili: dawa ya kupunguza asidi pamoja na antibayotiki mbili kwa uchache, dozi kwa kilo za mtoto na si kwa umri. Ukikata katikati unaua dhaifu na kuwaachia sugu chumba chote. Metronidazole, mojawapo ya antibayotiki hizo, tayari ina usugu mkubwa huku kwetu.

DukaLaDawa_Kawempe
Usugu hatukuuanzisha sisi wa madukani peke yetu. Hospitali zinaandika vilevile.

MamaMfamasia
Jamani, wote mnagusa ukweli, tuzungumzie vinavyoharibika siku ya tatu. Kozi hufa kwa sababu ya ladha. Metronidazole na klarithromisini ni chungu, mtoto anatema. Mpe pamoja na chakula, kisha kitu kitamu baada yake. Omeprazole ni kinyume: nusu saa kabla ya chakula, na zile punje ndani ya kapsuli zisisagwe wala kutafunwa, asidi itaziharibu. Asiyeweza kumeza, fungua kapsuli, mwaga punje kwenye kijiko cha juisi ya matunda ya pasheni, ameze palepale. Amoksilini ya maji ikishachanganywa bila friji haifiki siku 14, kwa hiyo nunua chupa ya pili ikiwa bado unga, uichanganye wiki ya pili. Na ulizeni mzio wa penisilini kabla ya yote.

Kwa wa bweni, panga asubuhi na jioni tu. Dozi ya mchana shuleni huwa haitolewi.

Sista_Theatre
Samahani nawakatiza, lakini mkishika H. pylori mno mtasahau anayeua. Taifodi. Kampala ya 2015 mnaikumbuka: walioshukiwa kuugua walipita elfu kumi, na maji machafu na juisi za mitaani zikatajwa.

Nieleze inavyokwenda ili mama yeyote asome. Wiki ya kwanza homa inapanda ngazi kwa ngazi, kichwa kinauma, choo kimefunga au kinaharisha. Anapewa ya malaria. Homa inashuka kidogo, anarudishwa shule. Wiki ya pili amelegea, tumbo limejaa, hataki kula. Wakati huo vile vifundo vya kinga mwishoni mwa utumbo mwembamba vinavimba na kuoza. Wiki ya tatu, mara nyingi, kimoja kinatoboka. Maumivu yanakuja ghafla kama kisu, mtoto anapiga kelele, halafu baada ya saa chache ANATULIA. Hapo ndipo tunapowapoteza. Nyumbani wanasema dawa imefanya kazi. Kumbe uchafu wa utumbo umemwagika tumboni. Mtazameni: hataki kusogea, anapumua juu juu, tumbo gumu kama ubao, mapigo yanakimbia. Huyo hapewi hata kijiko cha maji. Hapewi enema ya mitishamba (dawa ya kuingizwa njia ya haja kubwa), nawasihi, hiyo inamalizia utumbo. Drip, antibayotiki ya mshipa, mrija wa pua hadi tumboni, kisha upasuaji siku hiyohiyo. Kila saa ina thamani.

Mama_wa_P2
Mungu wangu. Hilo la kutulia sikulijua.

Boda_Ndejje
Kwa hiyo Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, ikisema chanya ni taifodi?

Maabara_Katwe
Widal ina shida ileile ya kistripu cha damu. Inasoma kingamwili, na hapa kwetu wengi wanazo tangu zamani. Kipimo chenyewe ni kuotesha damu, ichukuliwe kabla ya antibayotiki, wiki ya kwanza ikiwezekana.

Mwalimu_wa_Afya
Basi kinga ni moja kwa yote mawili. Chemsha maji dakika kumi.

Maabara_Katwe
Mwalimu, kumi za nini? Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari. Mapovu makubwa yakishachemka dakika moja inatosha. Tisa zilizobaki unachoma makaa.

Mwalimu_wa_Afya
Watu wakiambiwa moja wanaepua maji yakianza kutoa moshi. Nikisema kumi, angalau yanachemka.

Maabara_Katwe
Hilo nalikubali. Lakini tatizo kubwa ni baada ya kuchemsha: kikombe kimoja cha darasa zima kinachovywa ndani ya ndoo. Wekeni chombo chenye koki. Asiye na makaa atumie tembe ya klorini, ile ya lita 20 kwa jerikeni moja ya maji safi, asubiri dakika 30. Maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa.

MuuguziKalerwe
Na kibuyu chirizi chenye sabuni pale pale mlangoni mwa choo, si kule jikoni. H. pylori hupitishwa sana ndani ya nyumba pia, kwa matapishi na mikono, kwa hiyo anayemtafunia mtoto chakula aache. Turudi kwenye mada: baada ya siku 14, pimeni tena choo, si chini ya wiki 4 baada ya dawa ya mwisho. Maumivu kupoa si ushahidi.

Boda_Ndejje
Sampuli naweza kuibeba kwenye kopo la siagi? Kutoka Ndejje hadi mjini ni foleni.

Maabara_Katwe
Chukua kopo la maabara, lenye kifuniko cha kuzungusha. La siagi hubaki na mafuta, na likioshwa kwa Jik (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) ndiyo unaharibu kabisa. Kiasi cha punje ya haragwe kinatosha, kisiguse mkojo wala maji ya choo. Andika jina na saa. Kama hutafika siku hiyo, weka kwenye friji, siku 3 ndiyo mwisho.

Boda_Ndejje
Sawa. Kesho asubuhi napita kwenu kuchukua kopo.